Kibanda ni cha nani? Ubia wa manispaa na wawekezaji Mtwara

Muulize mpangaji wa kibanda cha sokoni kibanda hicho ni cha nani, uone atakavyosita. Kiwanja ni cha halmashauri. Matofali aliyapanga mtu mwingine, miaka mingi nyuma, kwa makubaliano kwamba ajenge kwa fedha zake, apangishe mpaka gharama zirudi, kisha akabidhi. Anayeuza khanga humo ndani leo analipa kodi kwa mjenzi huyo, au kwa mtoto wake, au kwa mtu aliyeuziwa "haki" ya mjenzi. Halmashauri inaambulia ada ndogo. Utaratibu huu umeenea katika halmashauri nyingi nchini, nao ndio ubia ambao wengi wetu tuliuona kwa macho kabla hatujasikia neno upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi utalipa.

Naanzia kibandani makusudi, kwa sababu habari ya ubia wa sekta ya umma na sekta binafsi siku hizi huzungumzwa kana kwamba imeshuka jana. Sheria yake ni ya 2010, imerekebishwa mara kadhaa, ikiwamo 2018 na 2023, na halmashauri zinahimizwa zibuni miradi ya kujiendesha badala ya kunyoosha mkono kwa ruzuku: stendi, masoko, maegesho, machinjio.

Wanaoutetea ubia wana hoja nzito, na kwa Mtwara inazidi uzito. Manispaa ya Mtwara-Mikindani imezungukwa na utajiri usiokuwa ndani ya mipaka yake. Gesi ya Mnazi Bay na mtambo wa Madimba viko halmashauri ya wilaya. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa 2015, nacho kiko hukohuko. Mikorosho iko Tandahimba, Newala na Masasi, na ushuru wa zao, asilimia 3 tangu 2017, unaingia kwenye halmashauri za huko. Kodi ya majengo, ambayo ilikuwa tonge la mji wowote, ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mji umebaki na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, ushuru wa soko na stendi, leseni na vijiada. Ukisema ujenge machinjio ya kisasa kwa mfuko huo, wajukuu ndio watakaokata utepe.

Tena upo mfano mzuri jirani. Boma la Mikindani, jengo la Wajerumani la 1895, lilikuwa gofu. Shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likalikarabati, likaligeuza hoteli na kuwafundishia humo vijana kazi za hoteli. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ukishuka kutoka bomani ukazunguka mitaa ya chini, utaona nyumba za mawe ambazo kuta zake zinaporomoka. Nyumba ya urithi ina wenyewe wengi na msemaji hakuna. Mwekezaji atasaini na nani? Jengo moja lililopona halijauponya mji wa kale, na sidhani kama ni haki kulitarajia lifanye hivyo.

Upande wa pili, wa wanaoutilia shaka ubia, una historia, nayo imeandikwa kwenye ramani ya mji. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, na mwanzoni ulisimamiwa na kampuni, United Africa Company, kabla ya shirika la umma kuupokea 1948. Mtwara ilichorwa iwe mji wa bandari wa karanga hizo, na reli ikavutwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na hasara ya zaidi ya pauni milioni 36 ikabebwa na hazina ya Uingereza. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nasi mpaka leo tunayo kata inayoitwa Reli, isiyo na reli. Bandari ilibaki, na korosho zinapita hapo. Kwa hiyo siwezi kusema mradi ule haukutuachia kitu. Ila hasara ililipwa London. Ya soko litakaloshindikana italipwa Shangani, Chikongola na Rahaleo.

Nayo hasara Kusini huja na kalenda. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, mji unachangamka: pikipiki mpya, mabati, vitenge, harusi. Ikifika Machi, mwenye duka anakaa anahesabu nzi. Benki iliyomkopesha mwekezaji haijui Machi. Inataka rejesho lilelile kila mwezi. Mwekezaji naye, ambaye si mjinga, ataomba kodi isiyoyumba, au ataitaka halmashauri imhakikishie mapato ya chini. Hapo ndipo penye ubia wenyewe: nani abebe mwezi wa Machi. Wasomaji wa Mtwara na Lindi hawajasahau msimu wa 2018/19, Serikali ilipokataa bei za wanunuzi ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa kwa miezi. Hakuna mwenye kibanda aliyesababisha lile, na hakuna mkandarasi ambaye angelizuia. Lakini kodi ya pango haikusubiri malipo ya mkulima.

Watu hupenda kutaja City Water, kampuni binafsi ya maji ya Dar es Salaam, kama onyo, nao wana sababu. Kampuni ilikabidhiwa maji 2003, mkataba ukavunjwa 2005, mashauri yakaendeshwa mpaka 2008, ilhali fedha nyingi za ukarabati zilikuwa mikopo ya Serikali yenyewe. Ninachojiuliza ni kimoja: kama dola nzima ilisumbuliwa vile, kitengo cha sheria cha manispaa kitapambana na nani?

Mimi nauunga mkono ubia pale ambapo mtumiaji ana pa kwenda asipotaka: hoteli, maegesho, maghala, hata majengo ya kale ya Mikindani wenyewe wakikubaliana. Soko la mamantilie na wamachinga (jina la watu wa Lindi hilo, kabla halijawa jina la kila mchuuzi nchini) ni habari nyingine. Kodi ikipanda, watatoka nje na kuuzia barabarani, mgambo watawafuata, na jengo litabaki tupu na riba inaendelea. Kama lazima liwe la ubia, kodi ifuate msimu, ipande Novemba na kushuka Machi, na mwekezaji apewe miaka zaidi ya kurudisha mtaji. Atalalamika, lakini anayeujua mji huu ataelewa.

Halafu kuna daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatizo la vibanda halikuwa watu binafsi kujenga. Wamejenga, na sehemu nyingi wamejenga kabla halmashauri haijaweza. Tatizo ni tarehe ya kukabidhi iliyofika kimya ikapita kimya, kwa sababu mkataba ulikuwa kwenye kabati la ofisi moja. Ubandikwe ofisi ya kata, kwa Kiswahili, tarehe ya mwisho ikiwa juu kwa herufi kubwa, ili muuza khanga ajue mwaka gani ataacha kulipa kwa mtoto wa mjenzi.