Kimchi Iliyouawa Kabla ya Kurushwa Angani

Tarehe 8 Aprili 2008, chombo cha Soyuz kiliruka kutoka Baikonur kikiwa na Yi So-yeon, Mkorea wa kwanza kwenda anga za juu. Pamoja naye ulikwenda mlo wa nyumbani: kimchi, wali, tambi za ramyeon, gochujang ambayo ni rojo zito la pilipili, na supu ya maharage ya soya yaliyochachushwa. Vyote vilikuwa vimepitishwa kwanza na taasisi ya Moscow inayoshughulikia afya ya wanaanga wa Urusi. Siku nne baadaye, siku ya kumbukumbu ya safari ya Yuri Gagarin, Yi aliwaandalia wenzake kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga chakula cha jioni cha Kikorea.

Wengi nyumbani walijivuna. Wengine walichukua kalamu wakapiga hesabu. Taasisi za utafiti zilikuwa zimetumia miaka kadhaa na fedha nyingi kutengeneza kimchi ya kupaa, ili mtu mmoja aile kwa muda wa siku kumi hivi. Na mtu haugui kwa kukosa kimchi siku kumi.

Ubishi huo haujafa, na sasa una uzito kuliko wakati ule. Mwezi Mei 2024 Korea Kusini ilifungua shirika lake la anga, KASA, katika mji wa Sacheon, na roketi yake ya Nuri ilishafikisha mizigo kwenye mzingo tangu Juni 2022. Nchi yenye mipango ya aina hiyo itarudi tu kwenye swali la watu wake watakula nini huko juu.

Kwa msomaji ambaye hajaionja, kimchi iko karibu na achari: kabichi ya Kichina iliyolazwa kwenye chumvi, kisha ikapakwa pilipili, vitunguu saumu, tangawizi na mara nyingi samaki au kamba wadogo wa chumvi. Ila uchachu wake hautokani na siki wala ndimu. Unatokana na bakteria wanaokula sukari ya mboga na kutoa asidi ya laktiki. Kijiko kimoja cha kimchi iliyokomaa kinaweza kubeba mamia ya mamilioni ya bakteria hao. Wako hai, wanaendelea kufanya kazi, na wanatoa hewa ya kaboni. Ndiyo maana mkebe wa kimchi hufura, na ndiyo maana kaya nyingi za Korea zina friji ya pekee kwa ajili yake.

Sasa peleka kitu hicho ndani ya kituo kisichofunguliwa dirisha. Pakiti ikipasuka, mchuzi mwekundu utaelea hadi kwenye mitambo. Harufu haina pa kwenda. Kukawa pia na hofu kwamba mionzi ya anga ingewabadilisha bakteria wakawa kitu kingine. Hofu hii ya tatu naiona dhaifu, kwa sababu wanaanga wenyewe hubeba matrilioni ya bakteria tumboni na hakuna anayewazuia kusafiri. Zile mbili za kwanza hazina mjadala.

Wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Nishati ya Atomiki ya Korea walilitatua tatizo kwa njia moja: waliwaua bakteria wote kwa mionzi ya gama. Kazi haikuwa nyepesi kama inavyosikika. Kipimo cha mionzi kinachotosha kusafisha chakula kabisa huilegeza kabichi, huififisha rangi na kuleta harufu ngeni. Kwa hiyo waliongeza chumvi ya kalisi ili mboga ibaki na ukakamavu wake, wakatia vitamini C, wakafungasha ndani ya hewa ya naitrojeni, na wakaigandisha kwanza kabla ya kuipiga mionzi. Barafu huzuia chembe kali zinazozalishwa na mionzi zisitembee na kuharibu ladha. Huu ni ufundi wa hali ya juu, na anayeuita mchezo wa kujionyesha hajausoma.

Hata hivyo hoja ya wakosoaji iliyo nzito kuliko gharama hutajwa mara chache. Kimchi iliyofika angani ilikuwa maiti ya kimchi. Ladha ilikuwepo, uhai haukuwepo, na huo uhai ndio Wakorea wenyewe hujivunia wanapoisifu kuwa chakula cha afya. Ukiondoa bakteria, umebaki na kabichi ya pilipili iliyohifadhiwa vizuri. Ramyeon haikupata hasara kama hiyo. Tambi kavu ni rafiki wa safari tangu mwanzo. Kilichotakiwa ni kuzifanya ziive kwa maji ya nyuzi 70 hivi, kwa kuwa kituoni hakuna sufuria ya kuchemka. Wajapani walishaonyesha njia mwaka 2005, Soichi Noguchi alipobeba tambi zilizofinyangwa kwa ukubwa wa tonge moja, na mchuzi mzito usioruka ovyo. Kama lengo lilikuwa kumshibisha mwanaanga kwa gharama ndogo, ramyeon na wali vingetosha.

Lakini hakuna serikali ya Seoul ambayo ingempeleka Mkorea wa kwanza bila kimchi, na sioni aibu katika hilo. Wakati wa vita vya Vietnam, Korea Kusini iliishawishi Marekani isaidie kuwapatia askari wake kimchi ya makopo, na juhudi zile ziliwafundisha Wakorea kuifungasha kiwandani. Utafiti wa anga nao una faida za ardhini: chakula kisicho na kijidudu hata kimoja kinamfaa mgonjwa ambaye kinga yake imeporomoka, kwa mfano aliyepandikizwa uboho. Mgonjwa huyo hahitaji bakteria hai. Anahitaji ladha anayoijua, iliyo salama.

Ladha nayo si anasa. Mtu anapoelea bila uzito, maji ya mwili hupanda kichwani, pua huziba, na chakula huwa kama kimepooza. Wanaanga wengi hutafuta pilipili na michuzi mikali. Wengi pia hula pungufu ya wanachohitaji na hupungua uzito. Kwa maana hiyo gochujang, ambayo haikuleta mabishano yoyote, huenda ndiyo mchango wa Korea wenye manufaa ya moja kwa moja kuliko vyote.

Ninapowaacha wakosoaji kabisa ni kwenye safari ndefu. Siku kumi ni bendera tu. Safari ya Mars ni suala la miaka, na chakula chake kitatakiwa kukaa hadi miaka mitano bila kuharibika. Vitamini C na vitamini B1 hupungua stoo hata pakiti ikiwa haijaguswa. Hapo chakula kilicho hai, kinachoweza kutengenezwa upya njiani kutokana na mboga zilizooteshwa chomboni, kinaanza kuwa na maana. Na kuna ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana: Machi 2020 miso, ndugu wa Kijapani wa rojo la soya la Kikorea, iliachwa ichachuke kituoni kwa siku 30. Iliporudi ilikuwa salama kuliwa na ilitambulika kuwa miso, ingawa ilikuwa na ladha ya karanga za kukaangwa zaidi ya miso iliyobaki duniani.

Kwa hiyo kama KASA ina fedha za chakula cha anga, ningependa isizimalizie kwenye kimchi bora zaidi ya mwaka 2008. Iweke fedha kwenye chombo kidogo kilichofungwa, chenye njia ya kutoa hewa ya kaboni, na mbegu ya bakteria inayojulikana aina yake badala ya kutegemea wale wanaokuja na kabichi. Kikwazo kikubwa nakiona kwenye chumvi. NASA, shirika la anga la Marekani, ililazimika kubadilisha mapishi ya vyakula takriban 90 ili kushusha sodiamu ya wanaanga kutoka miligramu 5,300 hivi hadi 3,000 kwa siku, kwa sababu chumvi nyingi huzidisha upotevu wa mifupa. Kimchi ina chumvi nyingi, na chumvi hiyo ina kazi: inawazuia bakteria waharibifu mpaka asidi ipande. Ukiipunguza sana, waharibifu watawahi. Mbegu yenye nguvu inaweza kuziba pengo hilo kwa kuharakisha asidi, na jaribio la namna hiyo linaweza kuanza leo kwenye maabara ya kawaida, bila roketi.