Ukilipia gemu ambalo bado linajengwa, sema ulichokiona

Nimekuwa nikifuatilia maoni ya wachezaji kuhusu magemu ya karata za madubwana, yale ambayo unapata kichwa pambano hili, mikono pambano lile, unaviunganisha, kisha dubwana ulilolitengeneza mwenyewe linaingia ulingoni. Mengi yanauzwa yakiwa bado yanajengwa: unalipa sasa, unacheza kilichopo, na watengenezaji wanaendelea kuongeza karata, maadui na ramani. Kwenye maoni hayo kuna sauti mbili zinazojirudia. Moja inasema, "Gemu bovu, halijaisha." Nyingine inajibu, "Kuwa na subira, bado linajengwa." Hakuna kati ya hizo inayonisaidia kuamua kama ninunue au nisinunue, wala inayomsaidia aliyelitengeneza kujua arekebishe nini.

Msimamo wangu ni huu: aliyelipia gemu ambalo halijakamilika aseme alichokiona ndani yake, kama lilivyokuwa siku aliyocheza, kwa undani wa kutosha hadi mwingine aweze kwenda kukiona pia. Yaliyoahidiwa kuja baadaye yasisifiwe wala yasilaumiwe, kwa sababu hayapo bado.

Sisi wa Dodoma hali hii tunaijua. Tangu Serikali ihamie hapa mji haujaacha kujengwa, na ukipita Nala, Ntyuka au Mkonze utakuta familia zimehamia nyumba isiyo na dari, madirisha yamezibwa kwa mabati, maisha yanaendelea. Anayelala ndani ndiye anayejua mvua ikinyesha maji yanaingilia wapi. Akimwambia fundi "nyumba mbaya", fundi hana la kufanya. Akimwambia "kona ya chumba cha watoto, juu ya mlango", fundi anachukua ngazi.

Kwenye magemu ya kujenga madubwana undani huo unahitajika kuliko kwenye aina nyingine yoyote ninayoijua, na sababu yake ni hesabu. Karata tunazochezea lasti kadi vijiweni ni 52. Kopa ni kopa, shupaza ni shupaza, na ree haigeuki kuwa kitu kingine katikati ya mchezo. Sasa chukua gemu lenye vichwa 20, viwiliwili 20 na miguu ya aina 20. Mchoraji amechora vipande 60 tu, lakini madubwana yanayoweza kuundwa ni 8,000. Apdeti ikileta kichwa kimoja kipya, yameongezeka madubwana 400 kwa mpigo. Timu ya watu wawili watatu haiwezi kuyajaribu yote kabla ya kuuza. Wachezaji ndio watakaoyajaribu, na kati ya madubwana hayo 8,000 halikosekani moja litakalovunja mizani ya gemu zima.

Mfano ninaoupenda unatoka kwenye Inscryption, gemu la karata za wanyama la Daniel Mullins la mwaka 2021. Humo kuna mahali pa mawe ambapo unatoa kafara mnyama mmoja ili alama ya uwezo wake ihamie kwa mnyama mwingine. Ipo alama moja ambayo ukiishusha karata mezani, nakala yake inakuja mkononi. Kwa mnyama dhaifu ni msaada wa kawaida. Ihamishie kwa mnyama mkali ambaye gharama yake ni ndogo, na hapo una jeshi lisilokwisha. Baadaye, kwenye toleo la ziada la Kaycee's Mod, nakala zilinyimwa alama hiyo, na wimbi likakatika.

Wapo wanaosema mchanganyiko wenye nguvu kupita kiasi ufutwe mara tu unapogunduliwa. Mimi sikubali. Raha kubwa ya magemu haya ni ile dakika unapoona vipande viwili ulivyovidharau vimekutana na kuwa kitu cha kutisha. Ukiiondoa hiyo, unabaki unaunganisha namba na namba. Kinachoua gemu ni pale mchanganyiko huo unapokuwa njia pekee, unaupata kila ukianza, na karata nyingine zote zinabaki mapambo. Kwa hiyo maoni yenye faida yanataja vipande kwa majina yake na kueleza vinapatikana kwa urahisi gani. "Kichwa cha sumu kikikaa kwenye miguu inayotangulia kushambulia, adui anakufa kabla hajagusa chochote, na vyote viwili vinauzwa kwenye duka la kwanza." Ukiandika hivyo umefanya kazi kubwa. Mtengenezaji anajua aende wapi: apandishe bei, ahamishe kipande kimoja mbele zaidi, au aweke adui asiyedhurika na sumu.

Lawama ya bahati nayo inahitaji kuchambuliwa. "Gemu linategemea bahati tu" ni sentensi ninayokutana nayo kila mahali, na wanaoiandika mara nyingi wamekasirika kwa sababu ya kweli, ila hawajaisema. Mtu aliyekulia kwenye karata anajua kwamba kugawiwa vibaya ni sehemu ya mchezo. Fundi wa karata anaonekana hasa akiwa na mkono mbaya: anajua kipi atoe kwanza, kipi akifiche, lini akubali kupoteza kidogo ili asipoteze chote. Kwa hiyo swali ni hili: nikipata mikono mitatu ya dubwana na kichwa hakuna, gemu limenipa nini cha kufanya? Naweza kuuza mkono mmoja? Naweza kubomoa dubwana la zamani nichukue kichwa chake? Naweza kukwepa pambano hili nikapita njia nyingine? Kama majibu yote ni hapana, tatizo lipo kwenye ujenzi wa gemu, na hapo ndipo lawama iende. Kama njia ilikuwepo na maelezo yake yamefichwa, hilo ni tatizo lingine kabisa na dawa yake ni nyingine.

Historia inaonyesha kwamba kusikilizwa kunawezekana. Slay the Spire, gemu la karata la studio ndogo ya Mega Crit, lilianza kuuzwa Novemba 2017 likiwa halijakamilika na likakamilika Januari 2019. Katika kipindi hicho liliongezewa hata mhusika mzima, Defect. Watengenezaji walikusanya takwimu za karata zipi zinachukuliwa, zipi zinaachwa, na zipi zinaambatana na ushindi, wakawa wanazirekebisha huku watu wakiendelea kucheza. Takwimu hizo zinaweza kuonyesha kwamba karata fulani haiguswi na mtu. Sababu ya kutoguswa, kama ni dhaifu, haieleweki au inachosha, wanaoweza kuieleza ni wachezaji.

Upande wa pili upo pia. Desemba 2023 gemu la The Day Before, ambalo si la karata, lilianza kuuzwa kwa mtindo huo huo wa kabla ya kukamilika, na siku 4 baadaye studio yake, Fntastic, ikatangaza kufungwa. Kwa hiyo mtu anayesema "nimelipa pesa yangu, kukagua gemu si kazi yangu" ana haki kamili. Mwanafunzi wa Ng'ong'ona, hapa Dodoma, anayelipa kwa dola, kwa kadi ya mtandaoni aliyoijaza kupitia simu, hatoi pesa ya mchezo. Ndiyo maana nasema tuhukumu kilichopo. Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta ambako magemu ya namna hii yamekuwa yakiuzwa tangu 2013, inamwambia mnunuzi kwenye ukurasa wenyewe kwamba kama hali ya sasa ya gemu haimvutii, asubiri. Ushauri huo ni wa haki, na muuzaji mwenyewe ndiye anayeutoa.

Ni kweli unaweza kurudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Lakini kwa gemu la kujenga madubwana saa 2 ni mlangoni tu. Safari moja, kutoka dubwana la kwanza hadi adui mkuu, inaweza kula zaidi ya saa nzima, na udhaifu wa mizani hauonekani hadi urudie safari hiyo na vipande tofauti. Hapo maoni ya waliotangulia yanakuwa na thamani kubwa, mradi uyasome vizuri. Steam inaonyesha mwandishi alikuwa amecheza saa ngapi alipoandika, na inaweka alama kwenye maoni yaliyoandikwa gemu likiwa bado halijakamilika. Mimi huanza na tarehe. Maoni makali ya mwaka jana yanaweza kuwa yanalalamikia karata ambayo imeshabadilishwa mara kadhaa. Kisha natafuta maoni ya mwezi huu yaliyoandikwa na mtu mwenye saa nyingi ambaye hakulipendekeza gemu. Huyo amekaa nalo na bado kuna kitu kimemkera; mara nyingi anakitaja kwa jina.

Kuna mambo ambayo hatutayakuta kwenye maoni ya mtu wa Marekani au Uingereza, na hayo inabidi tuandikiane wenyewe. Apdeti ina uzito gani? Gemu ambalo bado linajengwa linabadilika mara kwa mara, na kila badiliko ni bando. Mtu mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo hawezi hata kufikiria kulitaja hilo. Linachezeka bila mtandao, au pambano linakatika mara data ikiisha? Linahifadhi mchezo katikati ya pambano, umeme ukikatika ukaanzie pale pale? Linaenda kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, isiyo na kadi ya picha? Magemu ya karata yanasifiwa kwamba ni mepesi, lakini la madubwana linaweza kuwa na michoro inayocheza kila kiungo kivyake, na hapo laptopu inaanza kuunguruma.

Na kuna lugha. Kwenye magemu haya kila kipande kina maelezo yake, mistari miwili mitatu ya Kiingereza chenye masharti ndani ya masharti. Mdogo wangu yuko sekondari, ana akili ya karata kuliko mimi, lakini neno moja la sharti likimpita, dubwana lake linajidhuru lenyewe na yeye anadhani gemu limekosea. Gemu linaloonyesha matokeo kabla hujathibitisha hatua, kwa mishale na namba, linachezeka hata na mtu wa Kiingereza kidogo. Kwangu hilo ni jambo la kutajwa mwanzoni kabisa mwa maoni, kabla ya sifa za michoro.

Mimi kwa gemu tunalolicheza sasa nyumbani nimewaandikia watengenezaji mambo mawili: maandishi ya karata hayasomeki kwenye kioo cha inchi 14, na ukibomoa dubwana hurudishiwi vipande vyote wala huambiwi kipi kimepotea. Ukiwa unacheza gemu la aina hii, hapa Dodoma, Singida au kokote, niandikie hapa chini. Taja toleo, taja kompyuta yako, bando lililotumika kwenye apdeti ya mwisho, na dubwana ambalo hujaweza kulishinda. Nitayakusanya kwa Kiswahili kwa ajili yetu, na yale ya kurekebishwa nitayatuma kwa Kiingereza kwa waliolitengeneza.