Kabla ya Kufukua Mifupa, Tutafute Majina

Wapo wanaotaka mifupa ya wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza ifukuliwe ili itambuliwe, kama wanavyofanya Wamarekani. Kila inapotangazwa kwamba mabaki ya mwanajeshi wa Marekani aliyepotea vitani yametambuliwa, sifa zote huenda kwa maabara. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipofuatilia namna kazi yenyewe inavyofanyika, nikabaini kwamba nusu ya kazi ilikwisha zamani, siku karani alipoandika daftarini jina la kijana, kimo chake, hali ya meno yake na mahali anapoishi mama yake.

Manowari ya USS Oklahoma ilipopinduka katika shambulio la Pearl Harbor mwaka 1941, walikufa watu 429, na karibu 390 kati yao walizikwa Hawaii bila kujulikana, mifupa yao ikiwa imechanganyika. Makaburi yalifukuliwa mwaka 2015, na kufikia 2021 zaidi ya 350 walikuwa wamerudishiwa majina yao. Meno yalilinganishwa na kumbukumbu za matibabu ya jeshi, na DNA ya mitokondria, ambayo mtu huirithi kwa mama pekee, ikalinganishwa na ya jamaa wa upande huo. (Wadigo, ambao kijadi walihesabu ukoo kwa mama, wasingehitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.) Kwa waliokufa katika vita vya Korea, hata mfupa wa mtulinga hulinganishwa na picha ya eksirei ya kifua aliyopigwa askari alipokuwa hai.

Sasa tuchukue mfupa uliofukuliwa upande wa Taveta, uliokuwa uwanja wa vita mpakani mwa Kenya na Tanzania, tuuulize ni wa nani. Tutaulinganisha na nini? Katika Vita Vikuu vya Kwanza, takriban Waafrika milioni moja walibebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika eneo letu, na kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, wapagazi wapatao 95,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, wala si kwa risasi. Mwaka 2021, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu za askari zilizosimama hapa kwetu Mombasa katika barabara ya Jomo Kenyatta ni za heshima, lakini hazimtaji hata mmoja wao kwa jina lake.

Linganisha na meli ya Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa mwezi Februari 1944 na kuzamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi, ikiwa na mamia ya wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haikurudisha miili yao, lakini kwa kuwa walikuwa wameorodheshwa, majina yao yamechongwa katika mnara wa kumbukumbu jijini Nairobi. Hao wana majina bila mifupa. Wapagazi wana mifupa bila majina, na kwa maoni yangu hasara ya pili ni kubwa zaidi.

Ndiyo maana siungi mkono haraka ya kuchimbua makaburi ya wapagazi. Kwa Muislamu, kaburi halifukuliwi ila kwa dharura, na udadisi wa mtaalamu si dharura. Fedha zilizopo zielekezwe kwanza kwenye makaratasi: nyaraka za kikoloni zilizokutwa katika hifadhi za jeshi la Kenya zimekwisha kutoa zaidi ya majina 3,000 ya askari wa vita vya kwanza, na sioni kwa nini kazi hiyo iachiwe wageni peke yao wakati vyuo vyetu vimejaa wanafunzi wa historia wanaosoma Kiswahili na Kiarabu.

Baada ya makaratasi, wazee. Wagiriama, ambao ghasia zao za 1914 zilichochewa kwa sehemu na kulazimishwa kutoa wapagazi, bado wanasimulia habari za walioondoka wasirudi. Msimulizi akiulizwa leo jina la babu huyo, la mama yake babu na la kijiji alikochukuliwa, atajibu. Na mara nyingi msimulizi mwenyewe amekwisha kupita miaka themanini.