Boga nusra linikoseshe mke

Mama yangu hatupi kitu, na akitupa basi kitaota. Mbegu za boga alizokwangua jikoni akazimwaga kule nyuma jaani, mvua za vuli zikaja, mara miche hiyo, ikatambaa, ikapanda ukuta, ikapanda bati la choo, ikamzonga mgomba hata mkungu usionekane. Sie tukawa tunakula msusa tu, yaani majani yake hayo ya boga, mchana msusa, usiku msusa wa nazi, tukijua mambo yataishia hapo hapo. Kumbe chini ya yale majani maboga yamelala kimya kimya yananenepa, siku mama alipopita na panga kufyeka njia ya chooni ndo tukayaona, na kila ukiinua jani kuna jengine.

"Hatuuzi sasa hivi," mama akasema. "Tungoje Ramadhani, bei itapanda."

Na boga lilokomaa, ganda lile ambalo ukucha hauingii, ukilikata na kikonyo chake ukaliweka pakavu, miezi halina habari. Pakavu ndo pakawa chumbani kwangu. Uvungu ukajaa, juu ya kabati kukajaa, ikaja nyuma ya mlango, mlango ukawa unafunguka nusu naingia kwa ubavu chumbani kwangu mwenyewe. Na usiku panya wakipita huko chini boga moja linasogea, grrr, mie roho juu.

Ramadhani ya 2025 ikaingia mwanzoni mwa mwezi wa tatu, nikafunga mapolo kwenye bodaboda haooo mpaka sokoni Konde. Yakhe! Kumbe kila mama wa Pemba hii ya kaskazini ana akili ile ile ya mama yangu. Maboga kulia, maboga kushoto, wauzaji wengi kuliko wanunuzi. Nikamfata mzee mmoja muuzaji nikamwambia hata kwa bei ya kutupa we chukua, akaniangalia kwa huruma kweli kweli. "Mwanangu, mie haya yangu nimeyaacha hapa tangu jana bila ya mtu, nikitaraji yataibiwa."

Nikarudi nayo. Ndo tukaanza kuyala.

Nisidanganye, boga la nazi la mama ni tamu. Analipasua vipande na ganda lake, analipika mpaka likilegea, halafu tui zito, sukari, hiliki, chumvi kidogo sana, linaachwa kwenye moto mdogo mpaka tui linaganda pembeni mwa sufuria limekuwa rangi ya chungwa, na pale kwenye ganda ndo penye utamu, unakwangua kwa kijiko. Lakini siku ya kwanza ni utamu, wiki ya tatu ni adhabu. Futari boga, daku boga lilolala. Ikaja uji wa boga, ikaja kaimati za boga, ikaja chapati za boga, akatia mpaka kwenye mchuzi wa pweza, hapo mdogo wangu akainuka akenda kufutari msikitini. Sahani za jirani nazo ndo hivyo, yetu ikitoka na boga inarudi na boga lao, tofauti hiliki tu.

Ikesha Ramadhani, Mfunguo Mosi, wazee wakapanga kunipelekea posa Wete. Kwa desturi mwenye posa haendi, lakini gari la kuazima, dereva ndo mie, ami akasema basi kaa karibu na mlango ufunge mdomo. Nikakaa, kanzu nyeupe, kofia, adabu tupu. Ami akanipamba pale mpaka mie mwenyewe nikatamani kunioa. "Kijana wetu ana kazi yake ya ofisini, mkono wake huo kalamu tu, haujui jembe wala rangi."

Mzee wa upande wa pili akasema haya, tusome fatha. Watu wote mikono juu, na mie nikanyanyua yangu.

Njano. Wallahi, viganja vyangu vilikuwa njano kama nimetoka kusaga bizari. Na mie sijawahi kuviangalia, nani anaangalia viganja vyake? Nyumbani sote tulikuwa hivyo hivyo, macho yashazoea. Mzee katikati ya fatha jicho moja likafunguka. Likanitizama mikono, likamtizama ami, likarudi kwenye mikono. "Amin" yenyewe ikachelewa.

"Mwanangu, hebu lete huo mkono."

Ami akarukia, "Rangi hiyo, anapaka paka nyumba."

"Si umesema hajui rangi?"

Kimya. Nyuma ya pazia sauti ya bibi kizee ikatoka, wala hakupunguza: "Huyo keshasingwa! Jibu hatujatoa, bwana harusi keshapakwa singo!" Singo, ile dawa ya kusugulia maharusi kabla ya harusi. Wanawake huko ndani kicheko, mie natafuta pa kuiweka mikono, kanzu haina mifuko. Mzee wa watu hakucheka lakini. Akasema kwa upole kabisa, jibu tutaleta, ila kijana akapimwe ini kwanza, haya ni manjano haya.

Kesho yake asubuhi niko kituo cha afya na ami ubavuni. Daktari, mama mmoja mchangamfu, akanivuta kope, akaniangalia macho, akaniuliza mkojo ukoje, akasema nivue viatu. Nyayo nazo njano. Ncha ya pua, njano.

"Umekula nini jana?"

"Boga."

"Na juzi?"

Ami akajibu yeye, "Daktari, tangu kuandama mwezi."

Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Akatufahamisha kuwa mgonjwa wa ini weupe wa macho nao unageuka njano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, wangu macho meupe pee. Hii ni karotini, ile rangi ya boga yenyewe, inapenda mafuta, na nyie mnalipika kwa tui mnalipa usafiri wa kuingilia mwilini. Haidhuru, ukipumzika nalo wiki kadhaa inaondoka. Damu akapima vile vile maana wakwe wanataka karatasi. Karatasi ikaandikwa: hana homa ya ini, apunguze maboga. Na ami hiyo karatasi akaenda nayo Wete, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, mpaka hiyo sehemu ya maboga.

Usiku meseji ikaingia, ya mwenyewe mtoto wa watu. Wazee wamekubali, yeye pia kakubali, ila mama yake kamtuma aniulize, huko kwetu hakuna mboga nyengine?

Nikamjibu ipo, msusa.