Chupa haisaini TFC

Juma lililopita mdogo wangu alirudi kutoka chuo hapa kwetu Lubumbashi na tisheti mpya, Fanta ya moto na hasira. Walikuwa wameitwa promosheni zote, yaani madarasa ya kila mwaka, kwenye semina ya kuhamasisha vijana dhidi ya unyanyasaji wa kingono na ulevi. Tisheti ina nembo za wafadhili kifuani hadi mabegani, utadhani gari la mashindano. Nikamwuliza mimi, yaya yake, yaani mkubwa wake, walifundishwa nini.

"Yaya, balisema tusikunywe. Na tusivae bifupi. Na tusitembee mangaribi. Njo ayo."

Asubuhi nzima ya hotuba, njo ayo: hayo tu.

Chuo chenyewe sitakitaja. Nikitaja kimoja nitakuwa nimekionea, maana semina hii hata sisi tuliikalia wakati wetu, na waliosoma Likasi au Kolwezi watakusimulia ileile. Anakuja mkubwa, anafungua, anasema vijana ndio Kongo ya kesho, anapanda jeep yake anaondoka. Anakuja daktari na picha za ini lililooza. Anakuja mchungaji. Mwishoni kijana wa viti vya nyuma anauliza kati ya lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, na bia ni ipi mbaya zaidi, ukumbi mzima unacheka, picha ya pamoja, kwaheri.

Fanta ya moto naisamehe. Nisichokisamehe ni huu mtindo wa kufunga ubakaji na pombe katika furushi moja, kama vile ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Ukishavifunga pamoja, mengine yanakuja yenyewe: mvulana aliyelewa "hakujua anachofanya", msichana aliyelewa "alijitafutia". Bia ni ileile, meza ni ileile. Huyu inamwosha, yule inamchafua. Nani aliwafundisha hesabu hii? Sheria haikuwafundisha.

Sheria ya tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018, ambayo kila aliyepita kitivo cha sheria mjini hapa anajidai kuikariri, inasema kinyume kabisa. Kifungu cha 170 hakiishii kwenye nguvu na vitisho. Kinamhesabu pia kuwa mbakaji yule anayemwingilia mtu aliyepoteza fahamu kwa ugonjwa, kwa akili kuvurugika au kwa sababu nyingine iliyompata, au aliyepotezewa fahamu kwa hila. Rudieni kusoma polepole. Msichana aliyelewa mpaka hajijui mimi namwona mle ndani, tena upande wa wanaolindwa. Aliyemtilia kitu kwenye glasi naye yumo, upande wa pili, na kinachomsubiri ni miaka 5 hadi 20. Halafu fungueni 171 bis: mtendaji akiwa mwalimu wa aliyetendewa, kima cha chini cha adhabu kinaongezwa mara mbili. Mwalimu! Wabunge wa mwaka ule, watu ambao sina mazoea ya kuwasifu, walimfikiria mwalimu. Semina iliyofanyika nyumbani kwa walimu haikumfikiria.

Na hapo ndipo hasira ya mdogo wangu inapokutana na yangu, kwa sababu hatari niliyoiona kampasini haikuwa imelewa. Ilikuwa saa nne asubuhi, imefunga tai, ina ofisi na ufunguo.

Katika promosheni yetu kulikuwa na dada mmoja, hodari kutuzidi wengi. Direkta wa TFC yake, yaani msimamizi wa kazi ya kuandika ya kumalizia masomo, aliikalia kazi ile miezi. Kila akienda anaambiwa sura ya pili haijakaa vizuri. Haijakaa vizuri wapi? Haambiwi. Siku aliyorudishiwa niliishika kwa mikono yangu, nikaipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta masahihisho. Hakuna hata mkwaju mmoja wa kalamu. Ila kwenye jalada, chini kabisa pembeni, palikuwa na jina la hoteli, namba ya chumba na saa. Vimeandikwa kwa penseli. Mtu mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati alitafuta penseli.

Sasa mwambieni dada yule asinywe. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, hata munkoyo uliochacha alikuwa hagusi. Mwambieni asivae kifupi: alikuwa na kikwembe mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwambieni asitembee mangaribi: mambo yalimkuta jua likiwa utosini, kwenye korido yenye watu. Alifuta ile penseli, akaomba direkta mwingine, akapoteza mwaka. Yule bwana hakupoteza kitu.

Sheria hiyohiyo ya 2006 ina kifungu cha 174d, usumbufu wa kingono: anayetumia mamlaka ya kazi yake kumbana mtu ili apate ngono, mwaka 1 hadi 12. Kinataka malalamiko yatoke kwa aliyetendewa mwenyewe. Sawa, ayapeleke wapi? Kwenye kamati ya nidhamu wanapoketi wenzake wa bwana yule, waliosoma pamoja, wanaobatiziana watoto? Kila aliyesoma huku amesikia utani wa pointi za mtihani zinazoambukizwa kwa ngono. Tunautania miaka nenda miaka rudi. Majina yanajulikana pia: mwanafunzi mpya hamalizi muhula kabla ya yaya fulani kumnong'oneza kwa nani usiende peke yako. Huo mnong'ono ndio programu pekee ya kinga niliyowahi kuiona ikifanya kazi kwetu, na haina bajeti wala tisheti.

Haya, pombe. Sina budi kukubali kwamba imo. Watafiti wa Marekani wamekuta kwamba katika karibu nusu ya mashambulio ya kingono mmoja wao alikuwa amekunywa, mshambuliaji au aliyeshambuliwa au wote wawili. Wenye semina wanaipenda sana nusu hiyo. Ile nusu nyingine, ambayo hakuna aliyekunywa, wanaipita kama gari lililokufa barabarani. Na kuzunguka kampasi zetu lutuku ni rahisi kuliko silabi, kile kitini cha somo, bangi haitafutwi mbali, kuna vijana tuliowazika. Simchekei mtu hapo. Basi ulevi upewe siku yake na wataalamu wake. Alan Marlatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliziacha hotuba: mwanafunzi anakaa na mtu mmoja, vikao viwili, anahesabu mwenyewe anakunywa kiasi gani, anaonyeshwa wenzake wanakunywa kiasi gani, anaachwa afikiri. Hakuna ini lililooza.

Na kinga ya ubakaji nayo ina wataalamu wake. Mwaka 2015 Charlene Senn, wa Chuo Kikuu cha Windsor kule Kanada, alitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wasichana 893 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu. Nusu walipewa vijitabu, yaani kile tunachopewa sisi ukiondoa Fanta. Nusu walipitia vikao vinne vya saa tatu tatu, wakijizoeza kutambua hatari inayotoka kwa mtu unayemfahamu, mtu unayeona haya kumkasirisha, na kumpinga kwa mdomo na kwa mikono. Baada ya mwaka, waliobakwa upande wa vijitabu walikuwa asilimia 9.8, upande wa mafunzo 5.2. Naona mnachotaka kusema: ni wasichana tena wanaobebeshwa mzigo. Ni kweli, na inanikera. Lakini angalau wale hawakufundishwa urefu wa sketi. Walifundishwa kwamba aibu uliyo nayo mbele ya mkubwa ndiyo anayoitegemea. Tufundisheni hilo Lubumbashi hii ya "ndiyo papa", yaani ndiyo baba, ambapo mtoto aliyelelewa vizuri hamwangalii mkubwa machoni! Hapo ndipo saa kumi na mbili zinapohitajika, na ndiyo maana hakuna anayetaka kuzilipia.

Nitajibiwa, kama kila mara, kwamba ubakaji ni mambo ya Kivu, kule mashariki kwenye vita. Daktari Mukwege, anayewatibu waliobakwa kule, alipopata Nobeli mwaka 2018 tulishangilia hapa kama kwingine, halafu tukajifundisha vibaya: kwamba mbakaji lazima awe na bunduki na atoke porini. Septemba 2020 wafungwa waliasi katika gereza la Kasapa, hapahapa Lubumbashi, na kwa siku tatu wanawake waliofungwa mle walibakwa na hakuna aliyeingia kuwatoa. Kasapa, si Shabunda ya Kivu. Wanafunzi wetu wanalitaja jina hilo kila asubuhi wakienda masomoni, maana kampasi nayo inaitwa Kasapa.

Mengine nayasema haraka. Taa za njia ya mabwenini. Saa 72: ndani ya hizo aliyebakwa anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na mdogo wangu, msichana wa mwaka wa mwisho, alilisikia hilo kwangu juzi jikoni, si kwa daktari wa picha za ini. Wavulana nao: waliambiwa tu wasilewe, kama vile asiyelewa ameshamaliza kazi yake. Hakuna aliyewauliza wangefanya nini wakimwona rafiki yao anamvuta kwenye gari msichana asiyeweza kusimama. Swali hilo peke yake lingetosha mchana mzima, na lile la lutuku lingesahaulika.

Na mchungaji aalikwe, sina ugomvi naye. Ila naye aambiwe kwamba 171 bis inawataja na watumishi wa dini.

Mwaka wa masomo ukianza mtaandaa semina nyingine, najua, bajeti lazima iliwe. Nina ombi moja. Wanafunzi waacheni kwenye madarasa yao. Waiteni maprofesa, maasistanti, maapariteri, yaani makarani wa kitivo, kila mwenye mhuri na kila mwenye kusaini. Wakae viti vya mbele. Vifungu 170, 171 bis na 174d visomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, taratibu, na msomaji awe mwanamke asiyekula mshahara wa chuo. Akimaliza awaulize kama kuna mwenye swali.