Diski inayochomekwa mwaka mzima si bekapu

"Bekapu ipo, inajifanya yenyewe kila usiku." Nimeisikia tena wiki hii, kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Dar, na safari hii uvumilivu umenishinda. Seva yao ya barua pepe ni Zimbra, ile ya bure, ambayo haiji na bekapu yake. Kwa hiyo wamechomeka diski ya nje nyuma ya seva hiyo hiyo, na juu yake wameweka kopo la kalamu. Saa nane usiku skripti inanakili /opt/zimbra nzima, folda yenye kila kitu cha Zimbra. Asubuhi jamaa wa IT anasoma "imekamilika", anaendelea na chai.

Hiyo ni folda ya pili tu. Mtu akishaingia kwenye seva akiwa root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, diski anaiona sawasawa na anavyoviona vingine vyote. Na watu hao wapo. Mwaka 2023 kundi la MalasLocker lilivamia seva za Zimbra, likazifunga barua za watu kwa usimbaji, halafu likawataka wenye barua wachangie shirika la hisani ndipo wafunguliwe. Majambazi wa sadaka! Sasa wewe unadhani watu hao wakikuta diski imechomekwa wataipita kwa heshima?

Februari 2019 VFEmail, watoa huduma ya barua pepe wa Marekani waliokuwepo tangu 2001, walimkuta mvamizi akifomati seva zao moja baada ya nyingine. Hakudai hata senti. Seva kuu zikaenda, na za bekapu zikaenda, kwa kuwa zote zilikuwa hewani, yaani zimeunganishwa na mtandao, na zote zilifikika. Barua za karibu miongo miwili zilizokuwa Marekani zikayeyuka. Na hawa barua pepe ndiyo ilikuwa kazi yao, siyo watu wa makontena.

Sasa linganisha na Gmail. Februari 2011 programu mpya ya hifadhi ilikuja na hitilafu, na takriban asilimia 0.02 ya watumiaji wakafungua masanduku yao wakakuta patupu. Google walikuwa na nakala kwenye vituo zaidi ya kimoja. Hitilafu ikazifuata huko huko. Kilichowaokoa ni mikanda ya sumaku, teknolojia ya babu zetu, kwa sababu moja tu: haikuwa hewani. Google, jamani. Halafu mtu mwenye diski ya terabaiti mbili ananiambia mimi nina wasiwasi uliopitiliza.

Basi igeuzeni kazi. Seva ya barua isitume bekapu kokote, wala isijue nywila ya mahali bekapu inapokaa. Mashine ya bekapu ndiyo ije kuchukua, kisha iondoke. Nunueni diski mbili za kupokezana kwenye mashine hiyo, moja iwe imechomolewa na imelala nje ya jengo hilo. Bei ya diski mbili haifiki hata gharama za bandarini za kontena moja lililochelewa, na hilo wakala wa forodha hahitaji kuelezwa na mimi.

RAID, ule mpangilio wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja? RAID inakulinda diski ikifa. Ukifuta barua, inaifuta kote kwa uaminifu mkubwa.

Na ile skripti ya saa nane ina ugonjwa mwingine. Zimbra inaweka barua zenyewe sehemu moja, kumbukumbu zake kwenye hifadhidata ya MariaDB, akaunti na nywila kwenye LDAP, daftari lake la watumiaji. Ukinakili huku vyote vinaandikwa, unapata hifadhidata ya saa nane kamili na barua za saa nane na nusu, na siku ya kurejesha havitambuani. Endesha rsync, programu ya kunakili kilichobadilika tu, mara ya kwanza seva ikiwa kazini, zima Zimbra kwa amri ya zmcontrol stop, endesha ya pili ambayo itakuwa fupi, iwashe. Jumapili usiku hakuna atakayelia.

Simbeni pia hizo diski, maana mle mna mishahara na pasipoti za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitajali kwamba uliisahau diski kwenye bodaboda.

Najua kuna wa "hamieni kwenye wingu tuachane na haya." Haya, kwa ofisi ya watu wanane nakubali, shingo upande. Ila Rackspace, kampuni ya Marekani ya huduma za wingu, nao waliuza Exchange ya kupangisha, barua pepe ya Microsoft kwenye seva zao, Desemba 2022 wakapigwa na programu ya kufunga data na kudai fidia, na huduma ile hawakuifufua tena. Wingu ni seva ya mtu mwingine. Nakala yako bado ni juu yako.

Kujaribu kurejesha ndiko watu wanakokukwepa kuliko yote. Tumia mashine ya majaribio isiyo na intaneti. Rafiki yangu aliirejesha seva nzima mahali penye intaneti, foleni ya zamani ya barua zilizosubiri kutumwa ikaamka, na wateja wakapokea madai waliyokwisha kulipa. Rejesha sanduku la mhasibu, umwite mwenyewe akae pale, atafute barua ya miezi sita iliyopita yenye kiambatisho, akifungue kwa mkono wake. Kisipofunguka, mwandikie mkurugenzi siku hiyo hiyo, na barua hiyo ichape kwenye karatasi.