Kidole gumba cha mbwa wa kazi: kikatwe au kiachwe?

Mbwa wangu wa kwanza wa kuwindia alirudi siku moja akichechemea, mguu wa mbele wa kushoto umelowa damu. Ukucha wa kile kidole kidogo kinachokaa juu, upande wa ndani wa mguu, ulikuwa umenasa kwenye miiba na kupasuka hadi kwenye nyama. Kila nilipotaka kuushika aliuvuta mguu kifuani. Siku zile ungeniuliza kama watoto wa mbwa wakatwe kidole hicho, ningekujibu ndiyo kabla hujamaliza swali.

Wanaokata wana hoja, na haifai kubezwa. Kidole hicho ndicho gumba la mbwa. Akitembea tu hakigusi chini, kwa hiyo ukucha wake hausuguliki kama kucha nyingine. Usipopunguzwa hurefuka, hujikunja, na wakati mwingine huchoma nyama na kuingia ndani. Mbwa anayeshinda vichakani ana nafasi nyingi za kuunasa. Tena mtoto wa siku 3 hadi 5 ana kidole laini, na kidonda chake ni kidogo. Ukingoja akue, kazi ileile inakuwa upasuaji kamili, wenye nusukaputi, nyuzi, na bandeji ambayo atashinda akiitafuna. Wafugaji wengi huona heri yaishe mapema.

Lakini shika mguu wa mbele wa mbwa mkubwa ukipapase kidole hicho polepole. Utakuta mfupa, utakuta kiungo kinachokunjika, na ndani yake zimo kano zinazokivuta kutoka kwenye misuli ya juu. Mbwa akitimua mbio, kifundo cha mguu wa mbele hulala hadi karibu na ardhi, na hapo gumba hugusa chini. Anapokata kona ghafla ndipo linapofanya kazi kubwa: linauma udongo na kuuzuia mguu usijisokote. Mpe mfupa umtazame anavyoubana kwa magumba mawili huku akiutafuna ncha. Mbwa anayetoka majini kwenye ukingo wenye utelezi hujivuta kwa magumba hayohayo. Hapa siwezi kukubaliana na anayeliita kiungo kisicho na kazi.

Mwaka 2018 jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani lilichapisha utafiti kuhusu mbwa wa mashindano ya kuruka vizingiti. Wasio na magumba ya mbele walionekana kuwa katika hatari zaidi ya kuumia vidole. Sitaki kuubebesha utafiti huo mzigo usiouweza, kwa sababu ulitegemea majibu ya wenye mbwa wenyewe, na uwanja wa mashindano si pori la miiba. Ila ulitaja pia kucha ndefu kuwa zinaongeza hatari ya kuumia, na jambo hilo lilinirudisha kwa mbwa wangu. Ukucha wake uliopasuka ulikuwa umejikunja karibu nusu duara. Sikuwa nimeupunguza kwa miezi. Miiba ilimaliza tu uzembe wangu, na nilikuwa tayari kuwakata vidole watoto wa mbwa kwa kosa ambalo lingeepukwa kwa koleo la kucha na dakika chache kila baada ya wiki mbili tatu.

Halafu kuna maumivu. Sheria ya Uingereza inaruhusu vidole hivi kukatwa bila ganzi mradi macho ya mtoto hayajafumbuka, yaani katika wiki mbili hivi za mwanzo. Macho kufumba hakumzuii kuumia. Mishipa yake ya fahamu inapeleka maumivu tangu anazaliwa. Nimesikia mlio wanaoutoa mkasi unapofunga, na nimesikia watu wakisema si kitu kwa kuwa baada ya muda mfupi mtoto ananyonya. Kunyonya ndiyo faraja pekee aliyo nayo mtoto wa umri huo, atafanya nini kingine?

Miguu ya nyuma ni habari nyingine kabisa, na mabishano mengi yanatokana na kuichanganya na ya mbele. Mbwa wengi huzaliwa bila kidole hicho nyuma. Wanaokuwa nacho, mara nyingi kinaning'inia kwa ngozi tu, hakina mfupa wa kukishikilia, na kila kijiti kinaweza kukivuta. Hicho kwa mbwa wa vichakani naona kiondolewe, na aondoe daktari wa mifugo, kwa ganzi. Hata hapo mtu asikimbilie mkasi. Beauceron na Briard, mbwa wa kuchunga kondoo kutoka Ufaransa, wanatakiwa kuwa na vidole viwili vya namna hiyo katika kila mguu wa nyuma, na mfugaji anayewakata anaharibu sifa ya mbegu yenyewe. Papasa kwanza ujue kama kuna mfupa.

Na mbwa mkubwa anayepasua gumba la mbele mara kwa mara, ingawa kucha zake zinatunzwa? Huyo apelekwe akatwe, alazwe kwa nusukaputi, auguzwe mpaka apone. Ana jeraha linaloonekana. Mtoto wa siku 3 hana jeraha lolote bado.